Moja, Nne, Mbili, Tano na Tatu

Kabla sijakabidhi funguo, vijana wa ofisini waliniomba niandike kidogo juu ya kazi ya maji ilivyokuwa zamani. Wakaniambia nisisahau kueleza vyeo nilivyopanda. Vyeo vyangu ni vichache na hakuna atakayejifunza kitu humo, kwa hiyo naviacha. Nitaandika juu ya mita kuu ya kituo cha bondeni, juu ya mtu aliyenifundisha kuisoma, na juu ya namba moja. Mtu huyo sasa ni marehemu. Mimi nilimaliza darasa la saba tu. Mkiona nimekosea kwenye hesabu, mwulizeni mwalimu yeyote aliye karibu, atawasahihisha.

Nilizaliwa na kukulia Nachingwea mjini. Kwetu tulisema Kiswahili. Kimwera kilikuwa cha bibi, tena cha jikoni. Nilipopata kazi ya maji niliambiwa niende kituo cha pampu, bondeni kabisa, nje ya mji, nikamtafute Mzee Mrope. Nilishuka asubuhi, umande ukiwa bado kwenye nyasi, viatu vya ofisini miguuni. Nilifika navyo vikiwa vya tope. Sikuona mtu. Niliona mabega ya mtu yakitoka ardhini, na kofia.

Alikuwa ndani ya chemba ya mita kuu. Chemba ile ilikuwa shimo la saruji lenye kimo cha kifua, na mita ilikaa chini, imefungwa kwenye bomba kubwa linalopeleka maji mjini.

"Wewe ndiye binti wa ofisi?" akauliza bila kugeuka.

"Ndiye mimi. Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Unajua kuandika?"

"Najua."

"Chukua chaki hapo dirishani. Mimi nasoma, wewe andika ukutani."

Nilichukua chaki, nikasimama kwenye ukuta wa nyumba ya pampu uliopakwa rangi nyeusi kama ubao. Yeye akainama, akafuta kioo cha mita kwa kidole, akasoma kwa sauti ya taratibu: "Moja. Nne. Mbili. Tano na tatu. Tano. Tano na mbili."

Niliandika 14253552. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, nami niliuangalia nikaridhika.

Mzee Mrope alipanda kutoka shimoni, akapangusa mikono kwenye suruali, akautazama ukuta kwa muda mrefu. "Mita ina madirisha mangapi?" akaniuliza.

"Sijaiona bado, Mzee."

"Shuka ukaione."

Nikashuka na viatu vyangu vya ofisini. Mita ilikuwa na madirisha sita madogo, na katika kila dirisha tarakimu moja nyeupe juu ya gurudumu jeusi: 142857. Nikapanda.

"Madirisha ni sita," akasema, "wewe umepangisha watu wanane. Hawa wawili ni wapangaji wa nani?"

"Nimeandika ulivyosema, Mzee."

"Nilisema tano na tatu."

"Ndiyo. Tano, na tatu."

Akaniangalia, akauangalia ukuta, akavua kofia. "Kumbe," akasema.

Mzee Alfonsi Mrope alikuwa Mmakua. Wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Kiswahili chake kilikuwa kizuri sokoni na kanisani, lakini hesabu zake zilibaki za nyumbani. Kwa Kimakua ukifika tano umemaliza mkono, na huanzi neno jipya. Sita ni tano na moja, saba ni tano na mbili, nane ni tano na tatu, tisa ni tano na nne. Hata bibi yangu alihesabu hivyo kwa Kimwera chake, nami nilimsikia utoto wangu wote. Shuleni nilifundishwa sita, saba, nane, tisa, na ya bibi yakanitoka.

Aliandika 142857 chini ya namba yangu, akazizungushia duara zote mbili. Namba za siku nyingine tulizifuta kwa kitambaa chenye maji mara tu zilipokwisha kutumwa ofisini. Hiyo alikataa isifutwe. Ilipofifia, aliipitia upya kwa chaki, na wapangaji wangu wanane aliwapitia pia. "Hiyo ni ya kufundishia," aliwaambia wageni. Hakuna aliyekuwa anafundishwa pale isipokuwa mimi.

Kutokana na siku ile tukawa na utaratibu wetu, nao ndio ningependa ninyi vijana muuchukue hata kama mengine mtayaacha. Mmoja anasoma, mwingine anaandika. Kisha wanabadilishana: aliyeandika anashuka kuitazama mita, aliyesoma anautazama ukuta, na kila mmoja anasema alichokiona. Mzee alisema namba ikisomwa na mtu mmoja ni kama mtoto aliyeonwa na jirani mmoja tu. Ukiulizwa alikopita, huna shahidi.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Tulikuwa na spana mbili za bomba, brashi ya waya, tochi, na nondo ya kusikilizia. Nondo hiyo ni chuma kirefu, laini, chenye kibonge cha mbao juu. Unasimamisha ncha kwenye bomba au kwenye ardhi iliyo juu yake, unaweka sikio kwenye mbao. Maji yanayopita salama yananguruma chini kwa chini. Maji yanayovuja yana mlio mwembamba, kama mtu anayesema "sss" akiwa amekasirika lakini hataki ugomvi. Nilichukua muda mrefu kuutofautisha mlio huo na mlio wa damu ya sikio langu mwenyewe. Mzee aliniambia nishushe pumzi kwanza. "Ukija na haraka, utajisikia mwenyewe," alisema.

Kuna mambo ya mita za majumbani ambayo hayaandikwi popote. Usitie mkono kwenye chemba kabla hujaigonga kwa spana, kwa sababu nge anapenda ubaridi kuliko wewe. Piga hodi hata kama mita iko nje ya uzio. Mwenye nyumba akikuletea kiti kabla hujasoma, ujue kuna jambo. Akikuletea na uji, soma mara mbili. Upande wa Malolo nilimkuta mama mmoja aliyefunika mita yake kwa khanga, akaniambia inaona haya. Niliisoma juu ya khanga kwa kuihisi inavyozunguka, nikamwambia imeona haya sana mwezi huo, na tukacheka wote wawili kabla hajaifunua.

Sasa nije kwenye namba.

Siku moja ya kiangazi, alikuja kituoni Mwalimu Hamisi, aliyefundisha hesabu sekondari mjini. Bomba la shule lilikuwa limekauka na yeye ndiye aliyetumwa kulalamika, kwa kuwa alikuwa na baiskeli. Mzee Mrope alimwambia injini imechemka, inapumzishwa, ikipoa itawashwa na maji yatapanda. Mwalimu akaketi kwenye pipa kusubiri, akawa anautazama ukuta.

"Nani ameandika hii namba?" akauliza. "Hii ya chini."

"Ni ya mita," Mzee akajibu. "Ya siku aliyoanza kazi huyu mwanangu."

"Ya mita, au mlinisikia nakuja?"

Hatukumwelewa. Akaomba chaki. "Izidisheni kwa mbili," akasema, na kwa kuwa sisi tulibaki tunamwangalia, akaizidisha mwenyewe: 285714. Akaizidisha kwa tatu: 428571. Kwa nne: 571428. Kwa tano: 714285. Kwa sita: 857142. Aliziandika moja chini ya nyingine, akarudi kuketi kwenye pipa kama mtu aliyetega mtego.

Mzee ndiye aliyeona kwanza. "Ni walewale," alisema polepole. "Ni walewale sita. Wanahama viti tu."

"Na hawapitani," akasema Mwalimu. "Tazama. Mbele ya mbili yuko nne, siku zote. Anayefuata mbili ni nane, siku zote. Ni kama watu wanaocheza ngoma ya duara. Ukibadilisha pa kuanzia kuwatazama, wenyewe hawajabadilika."

Mzee akainuka, akawafuata kwa kidole mstari kwa mstari. "Na mara tano na mbili?"

"Hiyo ifanyeni wenyewe."

Tuliifanya. Nilikosea mara ya kwanza, yeye akakosea mara ya pili, ya tatu tukapatana. Ilitoka 999999. Zile tarakimu zilizokuwa zinahama viti ziliondoka zote, zikabaki tisa tupu. Mzee alitazama chini kwenye chemba. Sisi wa mita tunajua maana ya tisa sita: hapo ndipo magurudumu yamefika mwisho, na ikipita yuniti moja tu yote yanaanguka kwenye sifuri.

"Kwa hiyo siku ile mita ilikuwa imetembea fungu moja katika mafungu saba ya kufika mwisho wake," alisema.

"Bila kuzidi wala kupungua," akasema Mwalimu.

Kisha akatueleza sababu, nami naiandika nilivyoielewa. Namba hii inatoka kwenye moja ikigawanywa kwa saba. Moja haitoshi, unaifanya kumi: kumi kwa saba ni moja, inabaki tatu. Thelathini kwa saba ni nne, inabaki mbili. Ishirini, ni mbili, inabaki sita. Sitini, ni nane, inabaki nne. Arobaini, ni tano, inabaki tano. Hamsini, ni saba, inabaki moja. Moja ndiyo uliyoanza nayo, kwa hiyo unazunguka tena njia ileile milele. Kila baki kutoka moja hadi sita limepita mara moja, hakuna lililorukwa. Ndiyo maana ukianza na mbili, au tatu, au tano, unaingia kwenye duara lilelile kwa mlango mwingine. Alituonyesha pia kwamba ukiikata katikati, 142 ukajumlisha na 857, unapata tisa tatu. Akasema inagawanyika kwa tatu, kwa kumi na moja, kwa kumi na tatu na kwa thelathini na saba, lakini saba yenyewe, iliyoizaa, haimo ndani yake.

"Kama mzazi," Mzee akasema. "Anazaa, halafu hakai nyumbani kwa mwanawe."

Injini ikapoa, ikawashwa, Mwalimu akapanda baiskeli yake. Nafikiri maji ya shule aliyasahau njiani. Sisi tulibaki na ile namba. Sitadai kwamba ilitusaidia kupata maji zaidi. Ilikuwa yetu tu, kama watu wengine walivyo na wimbo.

Baadaye nilihamishiwa Ruangwa kupokea usomaji, naye akabaki bondeni. Wakati ule usomaji ulitumwa kwa redio ya upepo, ile ya kuzungumza kwa zamu, nayo ilikuwa na tabia za kibinadamu: asubuhi ilikuwa nzito, mvua ikinyesha ilikohoa. Kabla ya kutuma, Mzee alitaka kujua kama namsikia sawasawa. Alisema tarakimu moja tu, kwa mfano "nne," nami nilipaswa kumalizia: mbili, nane, tano, saba, moja. Nikimaliza bila kukwama, anaanza kazi. Kipimo hicho hakikuwa kamili, kwa kuwa tatu, sita, tisa na sifuri hazimo katika namba ile, na hizo ndizo zilizopotea zaidi kwenye mikwaruzo. Niliwahi kumwambia hivyo. Alinijibu, "Ndiyo. Lakini nakuwa nimekusalimia."

Wakati wa likizo yangu aliyepokea Ruangwa alikuwa kijana aitwaye Frenki, mgeni kutoka Dar, mwepesi na mcheshi. Nilimwachia maelezo ya kila kitu isipokuwa suala la Mzee na tano zake. Kwangu lilikuwa limeshakuwa jambo la kawaida. Frenki akamsikia akisema tano na nne, akaandika tano, akaandika nne.

"Mzee wangu, hii redio inazingua," nasikia alimwambia. "Tarakimu zimezidi."

"Hazijazidi. Ni sita."

"Mimi naziona saba."

"Basi mpangaji mmoja ni wako," Mzee akamjibu, na akafunga redio.

Frenki akaikata ya kwanza ili zibaki sita. Kwa namba hiyo ilionekana maji mengi yametoka bondeni na hayakufika popote. Mafundi walipelekwa na nondo na majembe, wakachimba kando ya barabara ya Nanganga wakitafuta bomba lililopasuka. Bomba lilikuwa zima. Niliporudi, tuliyamaliza kwa kicheko, na mifereji ile ikapandwa mihogo na waliokaa jirani. Nilimwuliza Mzee kama asingeweza kusema tu "tisa."

"Naweza," alisema. "Lakini nikisema tisa, kwanza nimetafsiri. Nikitafsiri nafikiria neno, siitazami mita."

Mita ile haikufika kwenye tisa zote. Iling'olewa tukaletewa ya kisasa inayotuma usomaji wake yenyewe kwa njia ya simu. Ni mita nzuri, sina neno baya juu yake. Mzee alistaafu wakati huohuo, akaenda kuishi Narung'ombe kwenye mikorosho yake. Tulipigiana simu. Akipokea hakusema haloo. Alisema tarakimu, nami nikamalizia.

Kisha akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala, na maneno yakaondoka karibu yote. Binti yake Roza, aliyelelewa na ndugu Dar es Salaam, alirudi kumwuguza. Nilipopata nafasi nilikwenda kumwona. Nilimkuta Roza nje anafua mashuka, macho yamemvimba.

"Yumo ndani, Shangazi," aliniambia. "Yaani mwili umo. Mwenyewe sijui."

Nikamwuliza anasema nini.

"Namba. Ananitazama, anasema namba. Leo anaanza hivi, kesho anaanza vile. Baba wadogo wanasema akili imeshaondoka, nisijisumbue kuongea naye, nimlishe tu na kumgeuza. Mimi kumwosha siogopi. Nataka kujua tu kama ninayemwosha yupo."

Tuliingia. Alikuwa ameegemezwa kwenye mto, mwembamba, ndevu zimenyolewa vizuri. Roza alikuwa mwangalifu. Nilimwamkia. Hakuitikia marahaba. Alinitazama kwa muda, mdomo ukahangaika, akasema, "Mbili. Tano na tatu. Tano. Tano na mbili. Moja. Nne."

"Unaona?" Roza akanong'ona. "Jana ilianza na tano."

Nilikaa kwenye mkeka. Nikasema, "Mara tatu, Mzee."

Akafumba macho. Nilifikiri amelala. Kisha, taratibu: "Nne. Mbili. Tano na tatu. Tano. Tano na mbili. Moja."

Nilimweleza Roza pale pale, huku baba yake akitusikiliza au asitusikilize. Nilimwambia kwamba namba haibadiliki kila siku. Ni moja, na baba yake anaingia kwa mlango tofauti. Lakini lazima niseme ukweli, kwa kuwa Roza nilimwambia huohuo. Nilimjaribu tena kwa mara nne, akajibu kwa mara sita. Nilimjaribu kwa mara mbili, akanyamaza. Kitu kilichorudiwa kwa miaka mingi kinaweza kubaki mdomoni hata mwenyewe akiwa hayupo, kama sala. Sikutaka kumpa binti wa watu tumaini nisiloweza kulisimamia.

Roza alitoka, akarudi na kipande cha mkaa na ubao wa kukatia mboga. "Sema tena, Baba," alimwambia. "Naandika."

Mzee akasema, akianzia mwanzo kabisa: "Moja. Nne. Mbili. Tano na tatu. Tano. Tano na mbili."

Roza alikulia Dar. Kimakua hakukipata hata cha jikoni. Aliandika alivyosikia, akageuza ubao amwonyeshe: 14253552.

Mzee aliutazama. Mkono wake wa kushoto, ule mzima, ukainuka kutoka kwenye shuka ukawa unagonga ubao kwa kidole, mara hapa, mara pale. Roza aliogopa, akadhani anataka maji. Mdomo ukajikaza upande mmoja. Neno lilichukua muda mrefu kutoka, na lilipotoka halikuwa namba.

"Wapangaji," alisema.

Nilicheka, na machozi yalikuwa yameshafika. Roza alinitazama kama nimechanganyikiwa mimi sasa. Nilimsimulia habari ya siku yangu ya kwanza: chaki, ukuta, viatu vya ofisini, watu wanane kwenye madirisha sita. Neno hilo hakulirudia kila siku kama namba. Alikuwa ameliona kosa, akalikumbuka, akatukumbusha. Upande wa mdomo wake uliokuwa mzima ulikuwa umepanda juu.

Roza aliweka ubao chini, akamshika baba yake mkono. "Kumbe upo," alimwambia. "Basi mimi niko hapa, Baba. Ni Roza."

Tangu siku ile alikuwa anaongea naye kuanzia asubuhi hadi anapolala: bei ya korosho, mbuzi wa jirani, kanisani nani aliimba vibaya. Aliwaambia baba zake wadogo waongee naye pia, na wawili kati yao walianza. Hakupona. Siku mbaya zilikuwa nyingi kuliko nzuri. Katika siku nzuri Roza alimwuliza mara mbili, mara tano, naye akajibu. Siku moja alimwuliza mara tano na mbili. Mzee alisema "tano na nne" mara moja tu, akaiacha hapo, akageukia ukutani. Wiki ile alifariki, asubuhi, Roza akiwa anamsimulia kitu.

Sina mengi ya kusema juu ya msiba. Tulimzika Narung'ombe, watu walikuja, wengine hata kutoka ng'ambo ya mto. Mwalimu Hamisi alikuja na mkongojo. Mimi nilimaliza wiki zangu za mwisho za kazi. Nilipita bondeni kuaga, nikakuta kila kitu kipo mahali pake: injini, chemba, pipa. Ukuta umepakwa rangi ya samawati, nao umependeza.

Siku ya arobaini, wageni walipokwisha kula, Roza alinifuata nilipokuwa naosha masufuria. Alikuwa na swali ambalo hakuwahi kumwuliza baba yake.

"Shangazi, na mara tano na tatu?"

Sikuijua. Kwa miaka yote ile hatukuwahi kupita saba. Tuliona tisa zile tukadhani hesabu imekwisha. Tulichukua kijiti, tukazidisha kwenye mchanga. Ilitoka 1142856.

"Zimekuwa saba," Roza alisema.

Nikamwambia kwenye mita hazikai. Mita ina madirisha sita, hiyo moja ya mbele inaanguka, haina pa kuonekana. Nikaifuta kwa kidole. Zikabaki sita.

Roza aliinama. "Ni ileile," alisema. "Imerudi ileile."

"Tazama vizuri."

Akaisoma kwa sauti, polepole, kidole kikipita juu ya mchanga, na hakuna aliyekuwa amemfundisha kuisoma hivyo isipokuwa mmoja: "Moja. Nne. Mbili. Tano na tatu. Tano." Hapo akasimama, kwa sababu ya mwisho haikuwa ile aliyoizoea. Ilikuwa imepungua moja.

"Tano na moja," alisema.

Nilishuka kwenye mchanga, nikaitazama mimi pia, kisha nikaisema nilivyoiona, ili iwe na shahidi wa pili.